Mji wa Kwenda na Kurudi

Mpaka leo harufu ya plastiki iliyopashwa moto na birika la chai hunifanya nitafute viatu vyangu. Meza yetu ya chakula, katika fleti ya Laurel, Amerika, ilitandikwa plastiki nzito angavu, na kila karatasi muhimu ya nyumba iliwekwa chini yake: kalenda ya parokia, zamu za Mama za kuhudumia wazee, barua kutoka shuleni kwangu. Barua hizo zilikuwa nyingi mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Sikuwa msichana wa kupigana. Nilikuwa natoka tu. Mwalimu akigeukia ubao, mimi niko nje, nimefuata mlio wa treni ya mizigo hadi stesheni, nahesabu mabehewa na kujiuliza yanakwenda wapi.

Theluji ilipoisha, Baba alitangaza kwamba tutakwenda likizo Italia, safari yetu ya kwanza ya mbali isiyo ya kwenda Tanzania. Mdogo wangu Amani aliruka juu ya kochi. Mimi niliogopa, kwa sababu ya Neema wa ghorofa ya juu. Neema naye alisumbua shuleni, naye alipelekwa likizo, Moshi kwa bibi yake, na kisanduku kimoja na kandambili. Wazazi wake walirudi baada ya wiki tatu. Yeye hakurudi. Watu wazima hawakusema kwamba aliachwa. Walisema "ametulia", tena kwa sauti ya kusifu. Baiskeli yake ilibaki imefungwa kwenye ngazi mpaka tairi zikaisha upepo.

Mama alikuwa na sharti moja la safari: halali katika mji asiko na mwenyeji. Hoteli, alisema, ni ya watu wasio na watu. Kwa hiyo Baba hakuipanga Italia kwa ramani, aliipanga kwa watu. Roma alikuwepo Mama Rehema, jirani yetu wa zamani, tungelala kwake. Orvieto, mji mdogo juu ya mwamba, saa moja na kitu kwa treni kutoka Roma, alikuwepo Shangazi Konsolata, dada yake Baba, mtawa aliyesimamia bweni la wasichana. Tungelala kwake pia. Firenze na Napoli hatukuwa na mtu, basi hiyo ikawa miji ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Jumapili moja baada ya misa, nikifuta chai iliyomwagika mezani, niliiona ratiba ya Baba chini ya plastiki. Roma, siku nne, watu wanne. Orvieto, siku tatu, watu wanne. Roma tena, siku mbili, watu watatu. Niliendelea kufuta palepale mpaka Mama akauliza kama nataka kuitoboa meza.

Sikumwuliza mtu. Ningeuliza, ningejibiwa, na jibu lingekuwa kweli. Kwa wiki mbili nililala na viatu miguuni. Lakini hofu ilinifundisha kitu ambacho darasa halikuweza. Niligundua kwamba mji wa kulala ndiko mtoto anakoweza kuachwa. Huko asubuhi watu huamka kwa zamu, na mabegi huondoka kabla ya wenyewe. Mji wa kwenda na kurudi ni tofauti. Jioni kila mtu anakimbilia treni, na mama yeyote huhesabu wanawe mlangoni mwa behewa. Nikaanza kwenda maktaba kila alasiri. Niliazima kitabu cha safari na kijitabu cha saa za treni, nikaandika ratiba yangu: siku zote tisa tulale Roma, na Orvieto twende na kurudi. Saa niliziandika kwa hesabu ya Kiswahili, maana Mama hakupenda kuzigeuza kichwani. Niliweka hata nafasi ya Amani kwenda chooni.

Baba alicheka alipoisoma. "Yaani tutoke Amerika, tumfikie Dada, tunywe maji, tuage? Kama wasoma mita?"

"Mbona unaiogopa Orvieto?" Mama aliniuliza.

"Kuna nge," nilijibu, kwa Kiingereza, kama tulivyozoea.

Amani akadai tulale Orvieto wiki nzima, awaone hao nge. Mama hakucheka. Alipitisha kidole kwenye mistari yangu, taratibu, kama anayesoma maelekezo ya dawa. Kisha akainua plastiki, akaiweka karatasi yangu juu ya ile ya Baba.

Basi nilikwenda Italia bila kujua kama nitarudi nao. Kuhusu Roma nakumbuka miguu ya watu tu, kwa jinsi nilivyotembea nimeinama. Siku ya Orvieto niliiba tiketi yangu ya kurudi kwenye mkoba wa Baba, nikaificha ndani ya soksi. Kigari kinachovutwa kwa kamba kilitupandisha mlimani, masikio yakaziba. Shangazi alinukia sabuni ya mche. Alinikumbatia muda mrefu mno. Chai yake sikuigusa, nisije nikahitaji choo nikarudi nikakuta viti vitupu. Kisha akatuonyesha bweni. Vitanda vya chuma, mashuka meupe, hakuna blanketi hata moja kwa sababu ya joto. Ila kitanda cha dirishani kilikuwa na blanketi la buluu, jipya, limekunjwa, bado lina karatasi ya dukani. Niliipapasa tiketi ndani ya soksi. Mama aliligusa kwa ncha za vidole.

"Zuri," alisema. "Wifi, treni yetu ni ya saa kumi na mbili." Akanishika mkono, na hakuuachia mpaka Roma.

Nilipoacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, siku ya ugomvi wetu mkubwa, Mama alinitamkia mwenyewe: blanketi lile lilikuwa langu. Nikamwuliza kwa nini hakuniacha. "Saa za kwenda uliziandika kwa penseli," alisema. "Ya kurudi kutoka Orvieto uliiandika kwa wino, ukairudia mara nne."

Tangu hapo nimelala katika miji mingi nisiko na mwenyeji, na kila nikifika huuliza kwanza treni ya mwisho ni saa ngapi. Mwaka huu nimerudi Laurel, kwa sababu Mama ameanza kusahau kuzima jiko. Wiki iliyopita nilimpeleka Germantown kuangalia nyumba moja ya wazee. Ni kuangalia tu, nilijiambia, ingawa kwenye buti la gari kulikuwa na blanketi jipya. Mama, aliyefanya kazi katika nyumba kama hizo maisha yake yote, alikaa na mkoba mapajani, hakufungua mkanda.

"Tunalala au tunarudi?"

"Tunarudi, Mama. Saa kumi."

"Andika."

Niliandika kwa kalamu ya wino nyuma ya risiti. Aliisoma, akaikunja mara mbili, akainama kwa shida na kuiweka ndani ya soksi yake.