Vishipa Ambavyo Kamera Yangu Haikuviona

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha macho, hapa kisiwani Mombasa, Daktari Mkuu alinikalisha nyuma ya kamera iliyofungwa kwenye darubini. "Bwana Charo," akaniambia, "hapa hatupigi picha za harusi. Wewe ukikosea picha, mimi nitakosea kisu."

Kazi yangu ilikuwa konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Konea nzima haina mshipa wa damu hata mmoja. Ndiyo maana mwanga hupenya. Ikiungua, vishipa huota kutoka pembeni vikatambaa juu yake, na mtu akaona ukungu. Daktari huchoma sindano ya kuvinyausha. Mimi nilipiga picha kabla na baada, kwa mwanga uleule na pembe ileile, ili ajue kama vinarudi nyuma. Kwa miaka mingi hakuna aliyeamua jambo bila kuuliza, "Charo anasemaje?"

Kisha akaja Bi Salma, binti wa mtaa wa Kuze, ametoka masomoni pamoja na mashine mpya. Kamera yangu ilionyesha rangi ya vishipa. Mashine yake ilionyesha damu inavyokwenda ndani ya vishipa hivyo. Mafunzo hayo niliyaomba mimi kwanza, nikaambiwa nakaribia kustaafu. Nilimwonea wivu tangu alipoivua mashine ile nailoni yake. Madaktari walijazana nyuma ya kiti chake; kwangu walipita kunisalimu tu.

Wakati huo tulikuwa tukimtibu Athumani, fundi wa lipu aliyerukiwa na chokaa machoni. Jicho moja lilikuwa limeshakufa. La pili lilihitaji kupandikizwa konea ya mtu mwingine, lakini konea ngeni ikikuta vishipa vyenye damu, mwili huweza kuikataa. Alichomwa sindano, na picha zangu zikaonyesha wekundu umekwisha.

"Jicho ni safi," nikamwambia Daktari, nikifurahi kumtangulia Salma. Athumani, aliyekaa kitini papo hapo, nikamwambia yuko tayari kupasuliwa.

Salma akaweka picha yake mezani. "Niwie radhi, Mzee Charo. Hapa chini damu ingali yapita."

Vishipa hivyo vilikuwa vyembamba kama nywele za mtoto mchanga. Daktari alitazama yangu, akatazama yake, akabaki na yake mkononi. "Upasuaji usubiri. Tumchome tena."

Athumani alinigeuzia uso. "Si ulinambia niko tayari?"

"Nilikwambia nilichokiona," nikajibu.

Akachomwa tena. Salma aliporidhika, Daktari alipandikiza, na konea ikashika.

Nilipostaafu niliagwa kwa chai na mahamri. Salma alisimama akaniita mwalimu wake. Watu walipiga makofi, nami nikaumia zaidi, maana sikumfundisha kitu.

Nyinyi mnaoingia kazi hii mwaniuliza kama wivu huo umekwisha. Juzi nilikuwa kando ya bahari, pale Mama Ngina, nikila mihogo. Athumani aliniona kutoka mbali, akapenya katikati ya watu hadi nilipoketi.

"Bwana Charo, wanenepa," akasema, akacheka. Tukajuliana hali. Kisha akauliza, "Bi Salma hajambo? Kila alfajiri nikiiona nuru, namwombea dua."

"Hajambo," nikasema.

Nikasubiri aongeze jina langu. Akanipa mkono, akaagana nami, akavuka barabara peke yake, bila fimbo.