Bangili ya Mwanamisi Mkononi mwa Shamsa

Mwanamisi alipopunguzwa kazi kwenye shamba la chai mwaka 1992, alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, hana mtoto. Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa amepima majani ya wachumaji kwenye mizani. Alirudi kwao Magamba na kiinua mgongo cha shilingi laki moja na themanini elfu, na kila aliyemwamkia siku zile alikuwa na shauri juu ya fedha hizo. Yeye aliwaza jambo moja tu: asifike uzeeni akala kwa huruma ya watu.

Alizigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza aliliweka benki, mjini Lushoto. La pili alinunua mtamba, akamweka kwa Elisante wa Mlalo, kama wafanyavyo watu wa milimani: ng'ombe wako analala zizini kwa mwenzako, yeye anakunywa maziwa, ndama mnagawana, na jirani zako hawajui una mifugo mingapi. La tatu alishuka nalo Tanga kwa sonara, akarudi na bangili ya dhahabu ya karati ishirini na mbili, gramu ishirini kamili. Alikuwa ameona sukari ikipanda bei kila baada ya miezi michache, akataka na kitu kisichopungua pamoja na shilingi.

Lakini aiweke wapi? Nyumba yake ilikuwa ya udongo, yenye kufuli moja, na watu walijua amelipwa. Mwishowe aliifanya kama alivyomfanya ng'ombe. Alimvalisha wifi yake, Shamsa, mke wa mdogo wake, akamwomba aivae kama yake, asiivue, na kila mwaka baada ya Idi washuke wote Tanga kuipima.

“Wifi, ng'ombe wa Elisante atatoa maziwa,” alisema Shamsa akiugeuzageuza mkono. “Huyu wangu nitamkamua wapi?”

“Utakamua macho ya watu harusini.”

Miaka miwili ya kwanza mizani ilisema ishirini. Kisha Shamsa akajifungua mapacha, safari zikakatika. Katika muda huo mtamba alikufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, kabla hajazaa, na fedha za benki, pamoja na riba yake, hazikuweza tena kununua hata nusu ya mtamba mwingine. Ilibaki bangili.

Mwaka 1997 walishuka tena. Mizani ikasema kumi na tisa na nusu.

Shamsa alijua watakavyosema watu: ameikwangua kwa tupa auze unga wake. Mwanamisi hakumtazama. Alimwomba sonara kioo chake cha kukuzia, akaikagua bangili polepole. Hapakuwa na alama ya tupa. Maua yaliyochorwa yalikuwa yamefutika upande mmoja tu, laini kama jiwe la mtoni. Alitaka kujua ni kwa nini upande ule.

Kesho yake alikwenda kukaa jikoni kwa Shamsa, akatazama. Baada ya chakula Shamsa alichukua sufuria ya ugali, akatia mchanga na majivu, akaanza kusugua. Kila mkono ulipozunguka, bangili ilikwaruza ukingo wa sufuria.

“Hiyo hapo,” alisema Mwanamisi.

Shamsa aliiweka sufuria chini. “Wewe ndiye uliyesema nisiivue.”

“Nilisema. Basi hiyo nusu gramu ndiyo maziwa. Mmeyanywa wewe na sufuria.”

Shamsa alitaka kuirudisha palepale. Mwanamisi alikataa. Sonara alikuwa amemtajia bei: hata ikiwa imepungua, ingeuzwa karibu mara mbili ya shilingi alizonunulia. Ila tangu siku ile alimpelekea wifi yake kila mwezi kipande cha sabuni na kitambaa laini cha kuoshea vyombo, kama mtu apelekaye majani zizini.

Baada ya Idi iliyofuata mizani ilitulia palepale, kumi na tisa na nusu.

“Ng'ombe wako ameacha kukonda,” alisema Shamsa.

Mwanamisi alikuwa ameshainamia sanduku la kioo, akiuliza bei ya pete ya gramu tatu, na kichwani akiwapitia ndugu zake mmoja mmoja, nani anaosha vyombo taratibu.