Mchanga Uliokauka Chunguni

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa ya kuchimba matuta kule Kanyangi, miaka ya sabini, nikiwa bado bibi arusi mgeni kijijini. Nilikuwa nimepatikana na kisukari, kile cha kudungwa sindano kila siku mpaka kaburini. Hospitalini walinifundisha kuchemsha sindano ya kioo na kujidunga pajani. Friji hatukuwa nayo, kwa hivyo chupa ya insulini ilikaa ndani ya chungu cha mchanga, na kila asubuhi niliumwagilia mchanga ule maji ili joto lisiharibu dawa.

Waliojua ni mume wangu, aliyekuwa kazini Mombasa, na mama yake, niliyemwita Mwaitu kama Wakamba tunavyowaita mama zetu. Majirani sikuwaambia. Niliona haya, basi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini masikio ya kijana ni ya kuvalia herini tu.

Mwethya, kikundi chetu cha kulimiana, kilikuwa na sheria moja: hakuna kutia kitu kinywani kabla tuta halijaisha. Anayekula peke yake ni mlafi, na jina hilo kwetu halifutiki upesi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimejidunga nikanywa uji kidogo tu, na insulini ikishaingia mwilini inadai chakula. Kiazi nilikuwa nacho, nimekifunga kwenye leso kiunoni. Nilitetemeka, jasho likanitoka, na bado niliona aibu kukitoa. Nikaanguka. Mwaitu, aliyekuwa akichimba kando yangu, alinipaka asali ndani ya shavu mpaka nikafungua macho, na neno la kwanza nililosikia ni mtu akinong'ona kwamba nimelewa.

Tangu hapo nilivunjika moyo. Nililia nikisaga, nikalia nikichota maji, na sindano nikaiacha. Kiu kali, ile ya sukari kupanda, ilikuwa imeanza kunirudia Mwaitu alipoingia chumbani kwangu na kutia vidole chunguni.

"Mutheu, hii mchanga imekauka. Umeacha kudunga?"

"Nimechoka, Mwaitu. Afadhali nife kuliko kuchekwa."

Alikasirika, mwanangu, na alikuwa mtu mpole. "Kumbe kitu itakuua ni kuchekwa, si sukari! Hao wanacheka nini na hawajui kitu? Umewaambia?"

Alisimama pale mpaka nikajidunga, nikala. Kisha akanishika mkono hadi kwa kiongozi wa mwethya, mama mkali ambaye hata waume wa wenzake walimwogopa. "Sema wewe," Mwaitu aliniambia. "Mimi si mdomo yako." Nikasema yote, hata kulia kwangu. Yule mama aliuliza jambo moja tu: "Unafaa kukula saa ngapi?" Nikamjibu, saa nne.

Tulipokutana tena shambani, jua la saa nne lilitukuta tuta halijafika nusu. Kiongozi akatupa jembe chini. "Kila mtu atoe kiazi yake! Leo sisi wote ni walafi." Wakacheka, wakaketi, wakala, nami nikala katikati yao. Ikawa hivyo kila mara.

Sikudanganyi kwamba huzuni iliisha. Hata sasa kuna asubuhi naitazama sindano nikaichukia. Lakini najidunga, nakula, kisha namwambia mtu kwamba leo moyo ni mzito. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi wewe uliyerudi juzi kutoka hospitalini na chupa yako ya insulini, usiiache dawa, na usiiache njaa ikukute ukiwa na haya. Moyo ukilemewa, useme nyumbani, na daktari pia umwambie, maana yeye hupima sukari lakini machozi hayaoni mpaka umwonyeshe. Mungu akupe uzee mrefu kama wangu, na popote utakaposhika jembe, akupe wenzako watakaolitua la kwao ili ule.