Hazina Hai Asiyejua Kuomba Radhi

Haya ninayowaandikia hamtayaamini, na sitawalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwapo, tena nimevaa kofia mpya ya ukindu, na bado kuna asubuhi naamka nikidhani niliota. Hapa Ambatolampy kila mtu anajua kwamba sina tabia ya kutia chumvi. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa amefika mwisho wa alichokuwa nacho, nikaona haya kuendelea kumsumbua. Basi sikieni habari za shemeji yangu Ratovo, halafu mseme Ndriana kaongopa.

Ratovo amemwoa dada yangu mkubwa. Siku za kazi anasubu sufuria. Ananunua alumini chakavu, anaiyeyusha, anashindilia mchanga mweusi kwenye kalibu, anamimina, na jioni ana masizi mpaka kwenye kope. Lakini Jumamosi za kiangazi, msimu wa posa, ananawa, anajitanda shuka nyeupe ya lamba mabegani, na akipita barabarani hata mchungaji wa kanisa anampisha. Kwetu mtu haombi mke kwa kinywa chake. Anaweka msemaji, na wakwe nao wanaweka wao, na wazee hao wawili wanachapana kwa methali mpaka wali unapoa. Hotuba hiyo tunaiita kabary, na miaka thelathini sasa hakuna bwana harusi wa pande hizi aliyekubali kwenda ukweni bila Ratovo kama Ratovo yuko mzima.

Sasa, mlango wa kabary ni kuomba radhi. Msemaji haanzi kwa kusema. Anaanza kwa kusema kwamba hajui kusema. Wapo baba zake, wapo kaka zake, yeye ni kitinda mimba aliyesukumwa mbele kwa bahati mbaya. Anawaomba radhi waliokaa, waliosimama, waliokufa na walioko njiani. Msemaji mbovu anamaliza radhi zake kwa dakika mbili. Ratovo nimemsikia kwa masikio haya akiomba radhi mpaka bibi wa msichana, aliyekuwa amekuja makusudi kukataa posa, akatoa leso akasema apewe huyo mtoto upesi, kabla hajaanza kumwomba radhi na ng'ombe zizini.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamkosesha usingizi. Wanawe wawili wanauza simu mji mkuu, Tana, na wakisikia methali wanatia vidude masikioni. Aliyebaki ni Haingo, binti wa dada yake, mwenye miaka ishirini na minne na ulimi kama kisu cha kuchunia. Haingo alimfuata mjomba wake kwenye posa tangu mdogo, na anajua radhi zote, za furaha na za msiba. Wazee wengine wakisikia mwanamke anasema kabary hukohoa. Haingo huwaacha wakohoe mpaka wamalize, kisha anaendelea pale alipoachia.

Ndipo ikaja kampuni ya sabuni na gari lake lenye spika juu ya paa. Walimsikia Haingo sokoni akimshusha bei muuza vitunguu, wakataka akae ndani ya gari lile azunguke mikoa minne akisifu povu. Hawakutaka fomu wala cheti. Haingo alimwambia mjomba wake ukweli: mavuno ya mpunga yakiisha na hapa hakuna kitu cha kumweka, atapanda gari. Ratovo akaenda kumimina sufuria. Ile sufuria ilitoka na tundu.

Mavuno yalikuwa yamebakiza wiki saba kwisha redio ilipotangaza kwamba kuna Mfuko unatafuta mabingwa wa sanaa za jadi. Atakayechaguliwa ataitwa Hazina Hai, atapewa ruzuku ya mwaka mzima, yeye na mwanafunzi mmoja, ili sanaa isife. Nilimkimbilia Ratovo na redio mkononi. Kwa mara ya kwanza serikali ya mbinguni na ya duniani zilikuwa zimeandika fomu kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo ameoa kwetu.

Kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa karani wa wilaya, nilijaza mimi. Tulikwenda vizuri mpaka swali la saba: Eleza kwa nini wewe ni bingwa kuliko wengine. Ratovo akafuta mikono, akakaa sawa, akaniambia niandike kwamba yeye si bingwa, ni mtu wa masizi tu, na kwamba wasemaji wa kweli ni wale waliomtangulia. Nikaweka kalamu chini. Nikamweleza kwa upole kwamba hawa ni watu wa fomu, na mtu wa fomu ukimwambia huna anaandika hana.

"Shemeji," akaniambia, "nikijisifu kwenye karatasi, Jumamosi nitaomba mke kwa uso gani?"

Nikaandika alivyotaka. Dada yangu alipiga magoti kuomba Mungu, mimi nikapiga mhuri.

Tuliitwa Tana, kwenye ukumbi wa hoteli wenye zulia linalomeza viatu. Nilikwenda kama shahidi wake. Mezani walikaa watatu: kijana mmoja aliyesoma ng'ambo, mzungu mmoja aliyekuwa akitabasamu kwa zamu kwa kila mtu, na mwenyekiti wao, Bibi Hanitra, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Kila mwombaji alipewa dakika tano. Walikuwa na karatasi yenye visanduku: kujiamini alama ishirini, kufika kwenye hoja alama ishirini, na kuendelea.

Ratovo alivua kofia. Alianza na radhi kwa meza, akaenda kwa waliotengeneza meza. Nawaambia, siku ile alikuwa mtamu. Mhudumu aliyeleta chai alisimama na birika mkononi akasahau amekuja kufanya nini. Bibi Hanitra alifunga macho, na nikaona midomo yake inamfuatisha, kwa sababu yeye naye aliposwa kwa kabary na alijua kila hatua ya njia ile. Ratovo akafika kwa mababu wa mama, akavuka kwa wajukuu ambao hawajazaliwa, na alipokuwa ndiyo kwanza anataka kubisha hodi hotubani, simu ya yule kijana ikalia kama jogoo. Dakika tano.

Kijana akasema wamesikia mwombaji akikana mara kumi na tatu kwamba anajua kusema. Akauliza, kama si yeye, basi bingwa ni nani?

Hapo ndugu zangu mnielewe. Kwetu ukiulizwa hivyo unamwonyesha aliye jirani yako. Ni adabu, kama kumpisha mtu mlangoni. Na yule aliyeonyeshwa anasema hapana, mimi ni mavumbi, bingwa ni huyu. Mnasukumana hivyo mpaka heshima imeenea. Ratovo akageuka, akanyoosha mkono wote, akasema mbele ya shemeji yake huyu yeye hana neno.

Wakanitazama. Mzungu akanipa zamu yangu ya tabasamu. Zulia lilikuwa laini. Nikasimama nikasema, "Ni kweli."

Nilikusudia kuendelea. Nilikuwa na mengine ya kusema baada ya hapo, ya kumsifu yeye. Lakini kalamu zilikwisha kukimbia, kujiamini alama ishirini, kufika kwenye hoja alama ishirini, maana hakuna aliyewahi kufika upesi vile. Bibi Hanitra alinitazama juu ya miwani kwa muda mrefu, kisha akatazama karatasi. Visanduku vilikuwa saba, na cha kuomba radhi hakikuwepo.

Barua ilikuja wiki mbili baadaye. Hazina Hai ni mimi. Mwaka ule waliokoa sanaa za watu watatu nchi nzima: mimi, mchuuzi wa vinyago wa uwanja wa ndege, na fundi aliyekuwa amekuja hotelini kutengeneza kipaza sauti akaulizwa maswali kwa makosa.

Ratovo alikuja kunipongeza na kuku wawili. Aliomba radhi kwa udogo wa kuku. Ningependa angenitukana. Sokoni waliniita Hazina, wakaniuliza kama nimefungwa kwa kufuli au nalala wazi. Mke wangu aliniandalia kiti changu na kunitilia wali wa jana.

Haingo ndiye aliyekuja kunitukana, na alikuja mapema, kabla ya kifungua kinywa.

"Mzee Ndriana, mwanafunzi wako ni nani?"

Nikasema barua imeacha nafasi wazi, na nilikuwa nikimfikiria yeye.

"Basi andika jina langu. Na kesho saa moja uje kwa mjomba na daftari. Mwanafunzi wa pili ni wewe."

Hivyo ndivyo Hazina Hai alivyokwenda shule tena uzeeni. Ruzuku ilimweka Haingo nyumbani. Gari la sabuni lilikuja, likapiga honi, likaenda na binti wa muuza vitunguu. Kila asubuhi Ratovo alishindilia mchanga na kufundisha, Haingo akajibu, nami nikapuliza mivukuto na kukariri. Haingo alipanda kama unga wa mikate. Mimi methali nilizishika. Radhi ndizo zilizonishinda. Nikifika kwenye "mimi sijui kusema", ulimi wangu unageuka wenyewe, unaongeza, "lakini". Ratovo hakuwahi kunicheka. Alisema kila mtu ana lakini yake, na yangu imewahi kukomaa.

Mwezi wa tatu wa masomo yetu Mfuko ukatuma habari: wanakuja kunikagua. Hazina atasema, mwanafunzi atasema, na wakiridhika ruzuku itaendelea mwaka wa pili. Wasiporidhika itakatwa siku ileile. Lile gari la sabuni lilikuwa limerudi mjini kwetu wiki ile, maana binti wa muuza vitunguu alikuwa amepoteza sauti. Haingo alifua nguo zake zote, hata zile safi.

Mtaa mzima ulikuja uwanjani kwa Ratovo. Wengine walikuja kwa ajili ya sanaa. Wengi walikuja kwa ajili yangu. Bibi Hanitra na kijana wake walikaa kwenye viti vya kanisa, wakiwa na karatasi mpya. Nikasimama na lamba ya kuazima. Nikasema mimi si msemaji.

"Kweli," wakajibu watu, wote kwa pamoja.

Nikasema mimi ni mtu wa mwisho kustahili kusimama hapa.

"Kweli kabisa."

Kwa desturi wanatakiwa waseme hapana, endelea, tunakusikiliza. Sikuwa na radhi ya kujibu jibu kama lile. Haingo akainuka. Akawaomba radhi wageni kwa ajili yangu, akawaomba wazee kwa kusimama mwanamke mbele yao, akaenda kwa wafu kwa mlango wa nyuma ambao sijawahi kuusikia, na akarudi kwenye hotuba wakati mchungaji akiwa bado anafuta macho. Wazee hawakukohoa hata mmoja.

Bibi Hanitra akauliza kwa sauti ya chini, "Binti, huyu mwalimu wako ni nani?"

Haingo akisema Ratovo, karatasi zetu ni uongo na ruzuku inakufa. Akisema mimi, anamzika mjomba wake akiwa hai. Na Ratovo, mtu huyu wa ajabu, akawa ameshavua kofia, akaanza kusema kwamba yeye ni msubu sufuria tu, mwalimu ni huyu shemeji yake.

Ndipo nikasema si mimi. Nikasema nilichosema hotelini nilikisema kwa sababu sikufundishwa, aliyejua alikuwa amenipisha tu mlangoni nami nikaingia nikafunga kwa ndani. Sikuongeza lakini.

Sasa muone mambo ya watu wa fomu. Wasemaji wa nchi nzima walikuwa wamelalamika, na karatasi mpya ilikuwa na kisanduku cha nane: unyenyekevu, alama thelathini. Yule kijana akanipa zote thelathini. Aliandika kwamba hajawahi kusikia msanii akijikana kwa ufundi vile. Nikamwambia sijikani, nasema ukweli. Akaandika na hilo. Bibi Hanitra alijua. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akachukua kalamu, akaongeza jina la Ratovo kwenye karatasi kwa mwandiko wake mwenyewe, mahali pekee palipokuwa na nafasi: msaidizi wa Hazina. Mwaka wa pili ukapitishwa. Haingo alianua nguo zake, akazirudisha sandukuni, na Jumamosi iliyofuata aliomba mke kwa mara ya kwanza, mjomba wake akiwa amekaa nyuma yake ameshika kofia yake.

Watu huniuliza nilipata wapi ujasiri ule. Nilikuwa ndiyo naandika jibu, nikijisomea kwa sauti ili nisikie kama linapendeza, Ratovo alipoingia kuazima koleo akasimama mlangoni kusikiliza. Nami nikaendelea: nilisimama kwa hiari yangu mwenyewe, bila kushauriwa na mtu, mbele ya watu mia nne, na nikazungumza kwa muda wa saa nzima bila—

"Watu sitini, shemeji," akasema Ratovo, "na uniwie radhi, mimi sijui kuhesabu, lakini Haingo alikuwa amekukanyaga mguu."