Ukoo Ulimfukuza Baba Mdogo kwa Vifo Ambavyo Daktari Anasema ni Moyo

Admin, nifichie jina, maana ukoo wetu unajulikana hapa Tukuyu.

Nina miaka 31, nimeolewa, nina mtoto mmoja, ni fundi cherehani Bulyaga. Majuzi nilianguka nikiwa kazini. Nilipopimwa, daktari akasema mapigo ya moyo wangu hayaendi sawa, akauliza kama kwenye ukoo kuna waliowahi kuzimia au kufa ghafla. Nikamtajia baba, aliyeanguka akichuma chai akafa, na shangazi, ambaye naye alikufa ghafla. Akataka nikaulize zaidi upande wa baba, kwani matibabu yangu yanategemea hayo.

Upande huo amebaki baba mdogo tu. Baba alipofariki, ukoo ulisema yeye ndiye anayewaloga nduguze, wakabomoa nyumba yake Lupepo. Sasa anaishi Masukulu, peke yake. Nilimfuata nikijua atanifukuza. Alinipikia ndizi, akanisimulia taratibu kama vile anaongelea watu baki: babu alianguka shambani, kaka yao mkubwa alianguka akiwa bado mwanafunzi. Hata yeye moyo humwenda mbio mpaka haoni mbele. Nikamuuliza mbona hakuyasema siku ile walipombomolea nyumba.

"Niliyasema, mwanangu. Wakasema najitetea."

Nilipomrudishia daktari majibu, alisema huenda ni ugonjwa wa kurithi, ndugu zangu na watoto wao wote wapimwe. Nikaenda nyumbani kuwaeleza mama na kaka. Mama akauliza, "Kama ni moyo, yule tulimfukuzia nini?"

Kaka alisimama, akaniambia nikirudia tena maneno ya yule mchawi nisikanyage kwake, na wanawe hawapimwi. Binti yake mkubwa alishazimia shuleni. Wanampeleka kwenye maombi. Kesho yake mama naye akaniomba ninyamaze, eti yameshapita.

Mimi nimeanza dawa. Sijalia mpaka leo. Nashona, napika, nalala. Watu wakinisemesha nasikia kama wako chumba cha pili.

Jana wifi, mke wa kaka, alinipigia akinong'ona, anataka nimpeleke yule binti hospitali kaka asijue. Kaka akijua, atamrudisha mkewe kwao, na mimi sitakuwa na ndugu. Nimemwambia anipe muda, lakini moyo wa mtoto sijui kama unao huo muda.

Ninyi mnaosoma hapa, ingekuwa ninyi, mngempeleka?