Enchilada ya Samaki Iliyonifunga Mudomo

Admin, ficha jina langu. Sura yangu nzuri tayari inajulikana mji wetu wa Mbunya muzima. Niko kijana wa miaka 22. Masomo nilikimbia mapema, lakini kwa kupika, hata wenye diplôme wananisalimia kwa heshima. Naishi na mama na dada yangu. Leo sichekeshi sana.

Mama anauza samaki wa ziwa. Mama mudogo, mudogo wake wa tumbo moja, walikuwa pamoja kwa hiyo kazi. Tangu vita irudi, barabara ya Bogoro, ile ya kushuka ziwa, watu wanapita na maombi mudomoni, wakiogopa wenye bunduki. Mwezi uliopita mama mudogo alipanda camion, lori la mizigo, kutoka Kasenyi na vitunga vyake, vikapu vya samaki. Camion ilikutwa njiani imeungua. Yeye hakuonekana, wala muzima wala maiti. Sokoni samaki mubichi akaisha.

Sasa bokilo wangu, yaani shemeji, muchumba wa dada. Kijana wa viatu safi, anasema anafanya “transport” tu. Nilijisifu mbele yake kwamba najua enchilada, chakula ya Mexique niliona kwa simu. Akacheka: “Weye? Chef wa jiko la makala?” Siku ya Mungu, Jumapili, akafika na kitunga cha capitaine, wale sangara wakubwa, wabichi kabisa, na chupa ya divai nyeupe.

“Angalau divai unajua, bokilo,” nikamuambia. “Nyekundu ni ya nyama. Samaki anataka nyeupe, tena baridi.”

Ile niliona kwa simu ilitaka samaki wa bahari. Siye tuko na ziwa tu, lakini samaki hasomi géographie! Nikachoma chapati nyembamba za bunga ya mahindi, nikazijaza samaki na vitunguu, nikakunja, nikamwaga sauce ya nyanya na pilipili, fromage, jibini, juu, kisha makala, mkaa wa moto, juu ya kifuniko. Divai ilingoja ndani ya ndoo ya maji. Mezani ni kumeza tu.

Nikatoka kuosha kitunga. Kwetu kila mama wa samaki anafunga kipande cha kitenge chake chini ya kitunga, ili vikishushwa kwa camion kila mutu ajue chake. Nikageuza. Kitenge cha bleu, ndege wa njano, mafundo mawili. Ni kile kipande mama mudogo alikikata mbele yangu.

Nikarudi ndani. Bokilo alikuwa anajaza glasi ya mama. “Mama, usiogope, barabara iko muzuri sasa. Utashuka ziwa siku gani?”

“Jeudi, mwanangu. Siye wamama wote wa samaki, camion moja. Nitaulizia na habari ya mudogo wangu kule.”

“Vizuri. Nitaambia vijana.”

“Vijana gani?” nikauliza.

Akaniangalia, akainua glasi. “Chef, siku ya Mungu utapika tena. Samaki watakuwa mingi.”

Labda kitunga alikiokota tu, labda ni yeye anaambia wenye bunduki camion gani inapita, sijui. Dada anashonesha kanzu ya ndoa. Nikimuambia mama, atapiga kelele, na bokilo atasikia. Nikienda kwa askari, wale ndio bokilo anakunywa nao kila jioni. Kile kitambaa nilikifungua, kiko mfukoni mwangu, na kesho Alhamisi ndiyo ile jeudi. Mama ameisha kufunga kitenge chake kwa kitunga kipya, anaimba.

Wakubwa wa hii page, nipeni akili: nianze kwa nani, na nimuambie nini? Jibuni haraka, camion inaondoka asubuhi.