Kila asubui nilimutengenezea bibi yangu habari ya kwetu Bule

Admin, ficha jina yangu. Picha pia usiweke, wamama wa hapa Nyakasanza, mu Bunia, wasianze kunisumbua. Niko muzee wa myaka soixante-treize (73), nilisoma mpaka darasa ya ine ya primaire, mwalimu akachoka na mimi, basi fasi nimeandika mubaya musome muzuri. Niko na bibi mumoja tu, tuko pamoja myaka quarante-huit (48), na siku ya ijumaa anaweza kwenda kufa juu ya maneno ya kinywa yangu. Hiyo ndiyo shida imenileta hapa.

Siye ni watu wa kijiji moja karibu na Bule. Tulikimbia vita kwa miguu. Yeye alibeba sufuria, mimi nilibeba kiti yangu kwa kichwa. Watu wa silaha wako nyuma, na muzee iko nabeba kiti. Bibi alinitukana mpaka tulifika Bunia. Hapa mutu wa kanisa akatupatia nyumba ya udongo ndani ya parseli yake, ni kusema kiwanja yake, tuko mule familia tatu za wakimbizi.

Tulipofika tu, bibi akaanguka. Haikuwa miguu, ilikuwa roho. Hakula, hakusuka nywele, hakusema. Mutu mwenye kunigombeza tangu ndoa akanyamaza siku kumi na moja. Nimesikia risasi mingi, lakini ile kimya iliniogopesha kuzipita.

Asubui moja nikaenda fasi pikipiki za njia ya Bule zinashushaka mifuko ya vitunguu. Wakimbizi wote tunaendaka pale kuuliza habari ya kwetu, ni kama misa yetu ya pili. Siku ile hakuna mutu alijua kitu. Nikarudi, nikamukuta bibi anaangalia ukuta, na kinywa ikajifungua yenyewe:

“Mutu wa pikipiki amepita kwetu. Nyumba iko. Lakini ile kuku yako ya shingo wazi imeingia ndani, inalala kwa kitanda, upande wangu.”

Akageuka. “Upande wako?”

“Upande wangu. Anasema iko nakoroma.”

“Basi kitanda haijaona tofauti,” akasema. Akaomba maji. Kisha akaomba ugali.

Tangu siku ile nikakuwa mujournaliste. Kila asubui naenda, nauliza, sipati kitu, narudi na habari. Mara mbuzi ya katekista imekula kanzu yake. Mara muti wetu wa avoka umezaa mpaka tawi imevunjika. Familia zingine zikaanza kuleta viti. Mama Furaha, mujane tuko naye mu parseli, alikuwa anacheka mpaka kitambaa inamutoka kichwani. Bibi akaanza kulima mboga ya lengalenga nyuma ya choo, akaanza kuuza, akaanza kunigombeza tena. Nilikuwa nalala na furaha kama mutu wa harusi.

Makosa iliingia polepole. Mvua ilipokaribia, bibi akaanza kuuliza maswali ya mulimaji. Njia iko namna gani? Watu wamerudi? Mimi, juu nilizoea kusema vizuri, nikasema njia inapitika, watu wanarudi kidogo kidogo. Sikuona kama nilikuwa namufungulia mulango ya kurudi.

Juzi kijana mumoja wa kijiji yetu akashuka kweli na pikipiki yake. Nikamuvuta pembeni.

“Tate, babu yangu, usiniulize,” akasema.

Nikamuuliza.

“Nyumba yenu iliungua kabla mufike Bunia. Mabati walichukua. Hakuna mutu anaishi kule. Wiki iliyopita wawili walirudi kuangalia mashamba, mpaka leo hawajaonekana.”

Nikarudi na ile maneno ndani ya kinywa sawa makaa ya moto. Nikamukuta bibi na Mama Furaha wamekaa chini, wanachagua maharagi ya mbegu.

“Ijumaa tunapanda pikipiki, siye wawili,” bibi akasema. “Weye ubaki na magoti yako. Tukimaliza kulima tutakuita ukule.”

“Mungojee kwanza. Njia ni mubaya.”

“Jana ulisema ni muzuri.”

“Leo imeharibika.”

“Muzee, sema tu unaogopa kujipikia.”

Nikasimama. Nikasema nyumba iliungua, watu hawako, wawili wamepotea. Nilisema na uso ya matanga. Walicheka mpaka wakashikana mabega.

“Na kuku?” Mama Furaha akaniuliza. “Imehamia Kampala?”

Ndugu zangu, mumeona fasi nimejifunga? Naweza kumuleta yule kijana aseme mbele yao. Yeye watamuamini. Lakini saa ile ile bibi atajua kama kila asubui nilikuwa namudanganya, na kama kwetu hakuna tena. Nikikumbuka zile siku kumi na moja za ukuta, naogopa kumuleta. Nikinyamaza, atapanda pikipiki. Leo ni jumanne.

Na kuna kitu ingine. Leo asubui aliniuliza bila kucheka, mikono yake iko ndani ya maharagi: “Na mawe yangu tatu ya jiko? Yule wa pikipiki ameyaona?”

Nikamujibu iko. Hapo sikudanganya, mawe haiungue na moto.

“Basi inatosha,” akasema. Hakuniangalia. Tangu pale najiuliza kama huyu mwanamuke anajua kila kitu tangu zamani, na bado anataka kwenda.

Basi mimi muzee wa kucheka na kila mutu, leo naomba bila kucheka. Nimuletee yule kijana, ao kuko njia ingine ya kumuzuia, roho yake isianguke tena? Muandike mbio. Na mwenye iko na bibi nyumbani amuulize kwanza yeye, juu siye wanaume ndiyo tunafikishaka mambo hapa.